Kikundi cha kusoma mtaani: kitabu kinaweza nini, na kinaishia wapi

*"Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi katika mji mdogo mkoani Morogoro. Kwa miaka miwili hii mtaa wetu umezika sana, vijana wengi hawana kazi, na akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa wanalalamika kwamba hawalali kwa mawazo. Nimesoma mtandaoni kwamba kusoma kwa dakika 6 tu hupunguza msongo wa mawazo kwa asilimia 68. Ninayo maboksi matatu ya vitabu tulivyopewa msaada, vingi vya Kiingereza, na nataka chumba changu cha uani kiwe mahali pa kusomea. Lakini karibu nusu ya akina mama hawa hawasomi vizuri, wengine wananiambia vitabu ni vya wanafunzi, na mmoja aliyefiwa na mumewe aliniambia majuzi kwamba anatamani alale asiamke. Je, vitabu vinaweza kuwasaidia kweli? Nianze na vipi? Na huyu mama nimpe kitabu gani?"*

Shikamoo Mwalimu. Umeuliza mengi, nami naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo halisubiri.

Huyu mama aliyefiwa usimpe kitabu kwanza. Nenda kwake leo, mkae mahali ambapo hakuna anayewasikia, umuulize kwa maneno ya wazi: "Uliposema unatamani ulale usiamke, je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Watu wengi huogopa kuuliza hivyo wakidhani watampandikizia mwenzao wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo ilivyo. Utafiti wa miaka mingi haujaonyesha kwamba swali hilo huzua wazo la kujiua, na mara nyingi aliyeulizwa kwa upole huona nafuu kwa kuwa jambo alilolibeba peke yake sasa linajulikana na mtu wa pili. Akikujibu kwamba ndiyo, na hasa akiwa amekwisha kufikiria namna au ameweka kitu tayari, asiachwe peke yake hata kidogo. Mwiteni ndugu anayemwamini, dawa za kuulia wadudu na vidonge vilivyomo nyumbani viondolewe, na apelekwe siku hiyohiyo kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mkimweleza mganga ukweli wote bila kuficha lolote kwa aibu. Akisema hapana, kwamba amechoka tu, bado msindikize zahanati ndani ya siku chache. Majonzi ya kufiwa si ugonjwa, lakini mtu ambaye kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, hafurahii chochote, hapati usingizi, hali chakula, anajilaumu kupita kiasi au ameshindwa na kazi zake za kawaida, huenda ana sonona, na sonona ina tiba: mazungumzo na mnasihi, dawa, au vyote viwili. Kikundi chako kinaweza kuwa nyongeza ya tiba hiyo, kamwe kisiwe badala yake.

Sasa turudi kwenye chumba cha uani. Ninavyokuelewa, una hofu mbili: usije ukawapotezea muda watu wenye shida za kweli, na usije ukawaumiza. Zote mbili zina msingi, na kila moja inastahili jibu lisilo na chumvi.

Niiondoe kwanza ile asilimia 68. Inatokana na jaribio dogo la mwaka 2009 huko Uingereza, ambalo matokeo yake yalienezwa na magazeti bila kuchapishwa katika jarida la kitaaluma ambamo wataalamu wengine wangeweza kuyakagua. Mwaka 2013 ulivuma utafiti mwingine, huu ukiwa umechapishwa katika jarida kubwa la sayansi, uliodai kwamba kusoma kipande kifupi cha hadithi ya kifasihi huongeza papo hapo uwezo wa kutambua hisia za wengine. Watafiti kadhaa waliojaribu kuurudia hawakupata matokeo hayo. Sikuelezi haya ili nikukatishe tamaa. Nayaeleza kwa sababu mama aliyeahidiwa nafuu ya dakika 6, akasoma saa nzima, kisha usiku ule akakesha kama kawaida, atadhani kwamba kasoro iko kwake.

Vitabu vinasaidia, lakini kwa njia mbili tofauti ambazo watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ni kitabu cha mwongozo, kile kinachomfundisha msomaji stadi fulani: namna ya kuyatazama mawazo yanayomsumbua bila kuvutwa nayo, namna ya kutuliza pumzi, namna ya kupanga jambo dogo linalowezekana leo. Huko Wales, na tangu mwaka 2013 England nzima, waganga wamekuwa wakiwaelekeza baadhi ya wagonjwa wa wasiwasi na sonona isiyo kali kwenda kuazima vitabu vya namna hiyo katika maktaba za umma. Matokeo huwa mazuri zaidi pale ambapo yupo mtu anayemfuatilia msomaji, hata kama mtu huyo si mtaalamu, na huwa hafifu pale ambapo mgonjwa hupewa kitabu akaachwa nacho. Jirani zetu Uganda wana mfano ulio karibu zaidi na hali yako. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, wanawake karibu 700 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliopewa mafunzo ya Shirika la Afya Duniani walikutana mara 5 katika makundi makubwa, wakasikiliza maelezo yaliyorekodiwa katika lugha yao, na kila mmoja akapewa kitabu cha michoro chenye maneno machache sana, hivi kwamba asiyejua kusoma aliweza kukifuata. Walioongoza vikao walikuwa wanawake wa kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi. Miezi mitatu baadaye, walioshiriki mafunzo walikuwa na dhiki ya moyo pungufu kuliko wenzao ambao hawakuyapata. Nafuu yenyewe ilikuwa ya kiasi, lakini ilionekana na ilipimwa kwa makini.

Njia ya pili ni kusoma hadithi na mashairi pamoja kwa sauti, na hii ndiyo ninayokushauri uanze nayo. Ushahidi wake wa kitafiti ni mwembamba kuliko ule wa njia ya kwanza, nami sitakuficha hilo, ila inahitaji vitu vichache, haihitaji mafunzo marefu, na hatari zake zinaweza kuzuilika.

Inafanyaje kazi? Mtu mwenye mawazo mengi kwa kawaida hawazi mambo mengi. Anawaza jambo moja au mawili yaleyale, mchana na usiku, bila kufika popote, na kila anaporudia anazidi kuchoka. Hadithi inayosomwa polepole mbele ya wengine humwondolea akili hapo kwa muda, kwa kuwa haiwezekani kufuatilia mkasa wa mtu mwingine na wakati huohuo kuendelea kuzungushwa na wa kwako kwa nguvu ileile. Hilo peke yake ni pumziko. Kisha hutokea jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa: mhusika wa hadithi humpa msikilizaji nafasi ya kusema asichoweza kusema juu yake mwenyewe. Mjane ambaye hajawahi kumwambia mtu kwamba anamkasirikia marehemu kwa kumwachia madeni, anaweza kusema bila kutetemeka kwamba yule mwanamke wa kwenye hadithi alikuwa na haki ya kukasirika. Hakuna atakayemshutumu, maana hajajitaja. Akiona wenzake wawili wanatikisa kichwa kukubaliana naye, amepata kitu ambacho kuambiwa "jikaze, mshukuru Mungu" kusingempa. La tatu ni kule kukutana kwenyewe. Upweke hudhoofisha mwili na moyo, na watu waliopata mikosi hujitenga kwa sababu hawataki kuwachosha wengine kwa habari zilezile. Kikao cha kusoma kinawapa sababu ya kutoka nyumbani isiyohitaji maelezo.

Utaona kwamba katika hayo yote kujua kusoma si sharti. Wanaokuambia vitabu ni vya wanafunzi wanakumbuka darasa, lakini watu wetu wamekuwa wakisomeana kwa sauti tangu zamani. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utenzi wa wasia mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, hakuutunga ubaki kwenye karatasi. Wanawake wa pwani ya Lamu wameukariri na kusomeana kizazi hadi kizazi, na wengi wao hawakuingia shule. Wakristo wa mtaa wako wanaokutana katika jumuiya ndogondogo husikiliza somo likisomwa kisha wakashirikishana, na Waislamu wanaohudhuria darsa hufanya jambo la jamaa moja. Wewe mwenyewe huenda unaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi kwa wiki 12, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu na kiongozi wa kikundi, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kufyeka vichaka. Wengi wa wanavikundi hao walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma. Kwa hiyo huingizi kitu kigeni mtaani. Unatumia desturi iliyopo kwa kusudi ambalo halijazoeleka.

Kuhusu kikao chenyewe, nakushauri watu kati ya 8 na 12, siku ileile na saa ileile kila wiki, saa moja na nusu isizidi, chai ikiwezekana. Siku ya marejesho isiwe siku ya kusoma. Mama ambaye hajapata fedha ya rejesho hatakuja akijua kwamba watu walewale wanaomdai ndio watakaomzunguka, na huyo ndiye pengine anayekihitaji kikundi kuliko wote. Andaa kurasa 2 au 3 tu. Soma mwenyewe, polepole, ukisimama mahali panapogusa. Anayetaka kupokea zamu ya kusoma apokee, lakini usimteue mtu, kwa kuwa kuna watu wazima ambao bado wanaumia kwa siku waliyosimamishwa darasani wakashindwa kutamka neno.

Na hapa, Mwalimu, nina ombi ambalo najua ni gumu kwa mtu wa taaluma yako. Usiulize, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Swali hilo tumelelewa nalo sote, na lina jibu moja linalokubalika, nalo hutolewa haraka na yule aliyezoea kujibu. Likishatolewa mazungumzo yamekwisha, na mama ambaye maisha yake hayakwenda sawasawa na funzo lile ananyamaza. Uliza maswali yasiyo na jibu sahihi. "Hapa aliponyamaza mbele ya shemeji yake, mnadhani alikuwa anawaza nini?" "Kuna sentensi yoyote iliyokukaa?" Kisha vumilia ukimya. Ukimya wa nusu dakika huonekana mrefu sana kwa anayeongoza, lakini ndimo watu wanamokusanyia maneno. Na mtu akizungumzia mhusika kwa hisia nyingi, nawe ukatambua kwamba anajizungumzia mwenyewe, usimfunue. Usimwambie, "Kama yalivyokupata wewe." Akitaka kuvuka kutoka kwa mhusika kwenda kwake, atavuka kwa wakati wake.

Nasisitiza hilo kwa sababu hofu yako ya kuumiza ina ukweli mahali hapa hasa. Ilidhaniwa zamani kwamba mtu aliyepatwa na jambo la kutisha anapaswa kusimulia yote mapema, kwa kina, ili "ayatoe". Majaribio yaliyofanywa kwa vikao vya mara moja vya aina hiyo yalionyesha kwamba havikuzuia kiwewe, na baadhi ya watu walizidi kuwa na hali mbaya, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri vitumike. Kikundi cha kusoma si mahali pa kushinikiza ushuhuda. Mtu akianza kusimulia tukio zito, akatetemeka au kulia asiweze kutulia, msikilizeni, kisha mtoke naye nje taratibu, na wewe au mwenzako mbaki naye. Usimsukume aendelee, wala usimkatishe kwa kumtaka anyamaze. Ni vizuri kwa sababu hiyo kuwa na msaidizi mmoja, na kabla hujaanza mkawaone muuguzi wa zahanati na afisa ustawi wa jamii, mkawaeleza mnachokusudia, ili siku ikihitajika mjue mnampeleka mtu kwa nani. Likijitokeza jambo la kupigwa au kubakwa, lipo dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na anayehusika akiwa mtoto ipo namba 116 isiyo na malipo. Mwanamke mtu mzima aamue mwenyewe lini na wapi atakwenda. Kazi yako ni kumjulisha njia na kumsindikiza akitaka.

Juu ya siri, wekeni makubaliano siku ya kwanza na myarudie kila wiki: kinachosemwa chumbani hakitoki. Lakini uwaambie pia ukweli kwamba kuna jambo moja hutaweza kulinyamazia, nalo ni maisha ya mtu, mtu mzima au mtoto, yakiwa hatarini.

Usomwe nini? Kiswahili, kwanza kabisa. Mtu aliyechoka hana nguvu za kupambana na lugha. Chagua hadithi fupi au sura moja ya riwaya ambamo watu wana shida zinazotambulika, kama ugomvi wa urithi, mtoto aliyepotelea mjini, au urafiki uliovunjika, na usilazimishe kila hadithi iishe kwa heri. Mashairi yanafaa sana kwa sababu ni mafupi na hurudiwa. Epuka kabisa maandishi yanayoeleza namna mtu alivyojiua, pamoja na yale yanayochora ukatili kwa urefu, kwa kuwa imethibitika kwamba maelezo ya namna hiyo yanaweza kumdhuru aliye katika hali dhaifu. Na msisome misiba tu. Wiki 2 za mwanzo ningesoma hekaya za Abunuwasi au za sungura, watu wacheke pamoja kabla hawajalia pamoja.

Usisahau macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi lensi ya jicho hukakamaa, na maandishi ya karibu huanza kufifia. Wengi hawalijui hilo, au wanaona haya kulisema, hivyo husema "mimi kusoma nimeacha" au "sikusoma sana". Kabla hujahesabu nusu ya akina mama kuwa hawajui kusoma, jaribu maandishi makubwa karibu na dirisha, na anayeona tofauti aelekezwe kupimwa macho na kupata miwani ya kusomea. Nimewaona wanawake waliorudi kwenye Biblia na Msahafu wao kwa sababu hiyo tu.

Vijana usiwachanganye na akina mama, angalau mwanzoni, na usiwaahidi kwamba kusoma kutawapa utulivu ilhali shida yao ni ajira. Wape chumba siku yao, magazeti, tangazo la kazi la kusoma na kujaza fomu pamoja, na uwaache wachague wenyewe kingine cha kusoma. Hali kadhalika, kikundi hakilipi kodi ya nyumba wala hakiondoi njaa, na mama anayekosa usingizi kwa sababu ya deni anahitaji pia kikundi chenu cha mikopo kikae naye kupanga upya marejesho.

Akina mama wakizoea, baada ya miezi michache mnaweza kuongeza njia ya kwanza. Kitabu cha michoro cha Shirika la Afya Duniani juu ya kukabiliana na msongo kinapatikana bure mtandaoni katika lugha nyingi. Muombe mtaalamu wa afya ya akili katika halmashauri yenu akae nanyi vikao vya mwanzo.

Maboksi matatu yachambue bila kuona haya kwamba ulipewa. Vya kiada vya Kiingereza vipeleke shule ya sekondari, iwapo mwalimu husika atakubali kwamba vinafaa, na vya tiba vilivyochapwa miaka mingi iliyopita viondoe kabisa, maana maelekezo ya dawa hubadilika. Huenda ukabaki na vitabu vichache tu, navyo vinatosha kwa rafu moja. Kwa maandishi ya Kiswahili nenda maktaba ya mkoa, uulize utaratibu wa kuazima kwa ajili ya kikundi, na kwa hadithi fupi zenye picha tazama mkusanyo wa African Storybook mtandaoni, ambao una hadithi za Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapwa na kugawiwa bila malipo. Vitabu vinavyouzwa usivitolee nakala kitabu kizima. Nunueni kimoja kwa mchango, kisomwe kwa wote.

Baada ya wiki 12 zungumza na kila mmoja faraghani. Muulize analalaje, amezungumza na nani wiki hii nje ya nyumba yake, na kama angependa kuendelea. Wale ambao hali yao haijabadilika, au imezidi kuwa mbaya, wasindikize zahanati kama utakavyomsindikiza yule mama, na wengi wakiona hawajapata faida, funga kikundi bila kinyongo na uwaulize ni nini kingine wangependa kifanyike chumbani humo.